Mwuza Vitambaa wa Delft Aliyeiona Siri ya Tone

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu, mtoto akizaliwa aghalabu swali la kwanza huwa: ni mume au ni mke? Akiwa ni binti wa kwanza, watu husema alhamdulillahi na furaha ikaendelea. Akiwa wa pili, husemwa kwamba Mungu ataleta. Lakini akija wa tatu na wa nne, minong'ono huanza barazani na jikoni, na macho yote humgeukia mama. Yeye ndiye huambiwa kwamba tumbo lake ni la wanawake watupu. Yeye ndiye hupelekwa kwa waganga akanyweshwa kombe na mizizi. Na wako wanaume walioongeza mke wa pili, au waliomrejesha mtu kwao, kwa sababu hiyo tu na si nyingine.

Hukumu hiyo ni kongwe, wala si ya kwetu peke yetu. Mataifa mengi yamewahukumu wanawake hivyo kwa karne na karne, kwa kuwa hakuna aliyejua kinachopita ndani ya giza la tumbo la uzazi. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Leo basi nimependa kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu aliyekuwa wa kwanza kuandika habari za kile kilichomo katika tone la manii. Hakuwa tabibu wala mwanachuoni. Alikuwa mwuza vitambaa.

YATIMA WA MSUSI VIKAPU

Jina lake ni Antonie van Leeuwenhoek. Alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1632 katika mji wa Delft, nchini Uholanzi. Babake, Philips, alikuwa msusi wa vikapu. Mtoto hajatimiza miaka 6, babake akafariki dunia, naye akabaki yatima. Mamake akaolewa tena, na kijana akapelekwa kusoma katika mji wa Warmond, kisha akakaa kwa jamaa yake huko Benthuizen.

Hakuingia chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ambayo ndiyo iliyokuwa mlango wa elimu huko Ulaya kwa zama zile, kama Kiarabu kilivyokuwa kwa mashekhe wetu. Kidachi cha nyumbani ndiyo lugha pekee aliyoijua, na ndiyo aliyoiandikia mpaka siku ya kufa kwake.

Mwaka 1648, akiwa na miaka 16, alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi kwa tajiri mmoja wa nguo, Mskochi. Miaka sita baadaye alirudi kwao Delft, akaoa mke, Bibi Barbara de Mey, akafungua duka lake mwenyewe la vitambaa. Mwaka 1660 wakuu wa mji walimpa kazi ya kutunza ukumbi wao, kazi ya kufungua milango na kuangalia usafi, yenye mshahara wa uhakika. Baadaye alifuzu upimaji wa ardhi, na mwaka 1679 akawa mkaguzi wa vipimo vya mvinyo. Kwa ufupi alikuwa mtu wa kazi za kawaida, anayejulikana mtaani, asiyetarajiwa na yeyote kuwa na jina nje ya mji wake.

Lakini mwenye kuuza nguo hujua kwamba jora halihukumiwi kwa rangi bali kwa uzi. Wafanyabiashara wa vitambaa wa siku zile walitumia vioo vya kukuzia kuhesabu nyuzi, wapate kujua nguo iliyoshindiliwa na iliyo hafifu. Yumkini hapo ndipo Bwana Leeuwenhoek alipoanza kuonja utamu wa kuona kile ambacho jicho tupu halikioni. Akajifunza mwenyewe kutengeneza lenzi, akaishi nazo maisha yake yote.

Elimu hiyo ya nuru na vioo haikuzuka kwake ghafula. Zaidi ya miaka 600 kabla yake, mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyehamia Misri, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na namna jicho linavyoona. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1572. Elimu ni kama maji ya mto, kila mji huchota kwa zamu yake.

CHOMBO CHA KUFICHIKA KIGANJANI

Hadubini alizotengeneza Bwana Leeuwenhoek hazikufanana na hizi ambazo watoto wetu huzitumia shuleni. Kila moja ilikuwa bamba mbili ndogo za shaba au za fedha, zilizobana kati yake lenzi moja ndogo mno. Kitu cha kutazamwa kilitiwa kwenye ncha ya sindano, kikasogezwa kwa parafujo, na mtazamaji akakisogeza chombo karibu kabisa na jicho lake akielekea kwenye mwangaza. Chombo chote kiliweza kufichika kiganjani. Alitengeneza kiasi cha 500 katika maisha yake, na iliyo bora miongoni mwa zile zilizobaki hukuza kitu kiasi cha mara 270. Siri ya ufundi wake bora hakumfunulia mtu.

Mjini Delft alikuwako tabibu mmoja kijana, Regnier de Graaf, aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa uchunguzi wake juu ya viungo vya uzazi vya mwanamke. Huyu ndiye aliyemfungulia mlango mwuza vitambaa. Mwaka 1673 aliwaandikia wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoko London, akawaarifu kwamba yuko mtu katika mji wao anayetengeneza vioo vilivyoshinda vyote vilivyoonekana hadi hapo. Mwaka huo huo de Graaf akafariki, akiwa na miaka 32 tu. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, na barua za Bwana Leeuwenhoek zikaanza kuvuka bahari kwenda Uingereza. Ziliendelea kwa miaka 50.

Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa moja karibu na mji, akaona ndani yake viumbe vidogo vikiogelea. Mwaka 1676 aliroweka pilipili manga ili ajue ukali wake unatoka wapi. Ukali hakuuona, lakini katika maji yale aliona viumbe wadogo zaidi, maelfu kwa maelfu. Alipowaandikia London, wengi walitia shaka. Basi akafanya kama afanyavyo mtu anayedaiwa ushahidi: aliwaita watu wanane wenye heshima zao, wakiwamo wachungaji wa kanisa, wakatazama kwa macho yao na kutia sahihi zao. Mwezi wa Novemba 1677 mwanasayansi Robert Hooke naye akaviona viumbe hivyo mbele ya wanachama wa London, na shaka ikaondoka.

TONE LENYEWE

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Baadhi ya wasomaji wataona haya kulisoma hadharani, lakini mashekhe wetu walitufunza tangu tukiwa chuoni kwamba hapana haya katika kutafuta elimu. Mtoto wa chuo hufundishwa manii ni nini, janaba ni nini na josho lake ni lipi, kabla hajabaleghe. Basi tusione vigumu kusoma mambo ambayo tumeyafundishwa na dini yetu.

Bwana Leeuwenhoek naye aliona haya. Miaka michache kabla ya 1677, katibu wa chama cha London alikuwa amemwomba ayatazame manii kwa hadubini. Alitazama kidogo, kisha akaacha, kwa kuona kwamba si jambo la adabu kulichungua, na kuliandika ni vibaya zaidi. Ndipo mwaka 1677 mwanafunzi mmoja wa utabibu kutoka Leiden, aitwaye Johan Ham, alipomletea manii ya mtu mwenye ugonjwa wa kisonono katika chupa. Ham alikuwa ameona ndani yake vidudu vyenye mikia, akadhani kwamba vimezaliwa na uozo wa maradhi.

Mwuza vitambaa hakuridhika. Ikiwa ni uozo, alifikiri, basi manii ya mtu mzima wa afya hayatakuwa nacho kitu hicho. Akayatazama ya kwake mwenyewe, upesi sana baada ya kutoka, mshipa wa damu usijapiga mara sita. Akaona umati wa viumbe hai, wadogo kiasi kwamba milioni moja wao, kwa kadiri yake, hawangelingana na punje kubwa moja ya mchanga. Walikuwa na kichwa cha duara na mkia mwembamba, wakienda kwa kupinda pinda mfano wa nyoka au mkunga majini.

Mwezi wa Novemba mwaka huo alimwandikia rais wa chama kule London. Katika barua hiyo aliona lazima aeleze kwamba manii yale hayakupatikana kwa njia ya kujichafua, bali yalikuwa ni mabaki ya tendo la halali baina ya mtu na mkewe. Tena akamwomba rais kwamba akiona habari hizo zitawachukiza wenye elimu, basi azifiche au aziteketeze. Hazikuteketezwa. Zilifasiriwa kwa Kilatini na kupigwa chapa, na tangu hapo mwanadamu akajua kwamba tone lile si maji matupu.

Wenzake wa London wakamtaka atazame na wanyama wengine. Akatazama mbwa, sungura, samaki, vyura, ndege na wadudu, na popote palipokuwa na dume aliwaona wale wale wenye mikia. Katika shahawa za samaki mmoja aina ya chewa wa bahari za baridi, alikadiria mwaka 1679 kwamba wamo viumbe bilioni 150. Akataka kujua hesabu hiyo ni kubwa kiasi gani, naye akakadiria kwamba dunia nzima, ingejaa watu kama Uholanzi, ingechukua watu bilioni 13 na zaidi kidogo. Samaki mmoja alibeba mbegu mara kumi na zaidi ya idadi hiyo.

ALIPOPATA NA ALIPOKOSA

Baada ya kuona, mtu hutaka kufasiri, na hapa ndipo Bwana Leeuwenhoek alipoingia katika mabishano. Wako walioamini, kama Aristotle wa Uyunani, kwamba mwanamume ndiye mwenye kutoa umbo la mtoto, na mwanamke hutoa damu ya kulijenga tu. Wako waliosema kwamba baba na mama wote wawili wana sehemu. De Graaf, yule aliyemfungulia mlango, alikuwa ameamini kwamba mayai yamo katika mwili wa mwanamke kama yalivyo kwa kuku.

Bwana Leeuwenhoek alishika upande wa baba kwa nguvu zote. Alisema kwamba mtoto mzima hutokana na kile kidudu chenye mkia, na kwamba tumbo la mama ni mfano wa shamba tu, hupokea mbegu na kuilisha. Mayai ya de Graaf aliyakataa kabisa. Akatoa na ushahidi: wafuga sungura wa nchi yake walikuwa wakipandisha dume la kijivu kwa majike meupe, na watoto wote wakatoka kijivu. Kwa kuwa rangi ni ya baba, alisema, basi na mtoto ni wa baba. Fauka ya hayo alidai kwamba alipokazana kutazama aliona mbegu za namna mbili, nyingine za kiume na nyingine za kike.

Ukiyapima madai yake leo utaona ajabu. Kwamba mbegu za baba ni za namna mbili, hilo ni kweli, ingawa kwa chombo chake hakuweza kuitambua tofauti hiyo, na alichodhani amekiona hakikuwa hicho. Kwamba mama ni shamba tupu, hilo ni kosa kubwa. Rangi ya sungura wale ilitokana na nguvu ya rangi ya kijivu kuifunika nyeupe, wala haikuwa kwa sababu majike hayakutoa chochote. Sisi ambao Kitabu chetu, katika Suratul Insan, kinataja kuumbwa kwa mtu kutokana na tone lililochanganyika, na ambao tumefunzwa na hadithi za Mtume kwamba maji ya mke nayo yana sehemu katika kufanana kwa mtoto na wazazi wake, hatukuwa na sababu ya kushika rai ya mwuza vitambaa. Lakini wangapi kati yetu, kwa vitendo vyetu, tumemshika yeye? Tunapomwita mwanamke shamba lisilotoa mazao tuyatakayo, tunazungumza kwa ulimi wake.

BINTI MMOJA

Heshima zilimjia akiwa duniani. Mwaka 1680 alifanywa mwanachama wa Royal Society. Mwaka 1698 Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, alipopita Delft kwa mashua, alimwita akamwonyesha jinsi damu inavyotembea katika mkia wa mkunga. Lakini nyumbani kwake mambo hayakuwa ya furaha tupu. Bibi Barbara alimzalia watoto watano, na wanne wakafa wangali wachanga. Mwaka 1666 Barbara mwenyewe akafariki. Akaoa tena mwaka 1671, Bibi Cornelia Swalmius, naye akamtangulia mwaka 1694, bila kumwachia mtoto aliye hai.

Aliyebaki ni mmoja tu, Maria, aliyezaliwa mwaka 1656. Hakuolewa. Yeye ndiye aliyemtunza babake katika uzee wake, akaiangalia nyumba iliyojaa vioo na chupa na wageni waliobisha hodi kila siku kutaka kutazama. Mtu huyu aliyeuambia ulimwengu kwamba uzazi wote ni wa mwanamume, Mungu hakumwachia ila binti.

Bwana Leeuwenhoek alifariki tarehe 26 Agosti 1723, akiwa na miaka 90. Alikuwa ameusia kasha lenye hadubini 26 za fedha liende London, na Maria akalituma kama alivyoambiwa. Alimzika babake katika Kanisa Kongwe la Delft, akamjengea hapo kaburi la ukumbusho, na yeye mwenyewe akafariki mwaka 1745. Zile 26 za London zilikuja kupotea katika karne ya 19, na leo duniani zimebaki hadubini zake chache mno.

ILIYOBAKI YA SIRI

Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya mama kurudishiwa haki yake. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aliliona yai la mnyama mwenye kunyonyesha, katika mbwa jike. Vile ambavyo de Graaf alidhani ni mayai vilikuwa vifuko tu ambamo yai hukaa, lakini asili ya maneno yake ilikuwa ya kweli. Mwaka 1875 Oscar Hertwig wa Ujerumani, akichunguza mayai ya viumbe wenye miiba wa baharini, alitambua kwamba kiini cha mbegu ya dume na kiini cha yai huungana vikawa kimoja. Hapo ikadhihirika kwamba baba na mama huchangia wote wawili.

Swali la mume na mke lilijibiwa mwaka 1905, na aliyelijibu alikuwa mwanamke. Nettie Stevens, mwalimu na mtafiti wa chuo cha Bryn Mawr huko Marekani, alichungua mbegu za mdudu mmoja mdogo wa unga. Aliona kwamba nusu ya mbegu za dume zimebeba kromosomu moja ndogo, na nusu nyingine zimebeba kubwa mahali pake, na kwamba hizo ndizo zinazoamua mzao atakuwa dume au jike. Mwaka huo huo mwanasayansi Edmund Wilson naye alifikia jambo hilo. Bibi Stevens alifariki mwaka 1912, umri wake miaka 50, kwa ugonjwa wa saratani ya matiti.

Kwa wanadamu mambo yako vivyo hivyo. Yai la mama daima hubeba kromosomu iitwayo X. Mbegu ya baba hubeba ama X ama Y. Ikitangulia ya X, mtoto ni binti. Ikitangulia ya Y, ni mwana. Basi wewe bwana unayemlaumu mkeo kwa mabinti wanne, ujue kwamba alama ya ubinti wao ilitoka kwako mara nne. Wala wewe nawe hukuichagua, kwa kuwa mamilioni kwa mamilioni ya mbegu hutoka kwa mara moja, karibu nusu kwa nusu, na hakuna aijuaye itakayofika. Lawama haina pa kukaa, si kwako wala si kwake.

JE, YAWEZEKANA KUCHAGUA?

Watu wametaka kuchagua tangu kale. Wako Wayunani walioamini kwamba upande wa kulia huleta mwana na wa kushoto binti. Wengine wamefuata vyakula, wengine nyota na mwezi. Katika karne iliyopita ilienea sana kauli kwamba siku ya kukutana mume na mke ndiyo inayoamua. Watafiti wa Marekani waliipima kwa wanawake 221, wakatoa matokeo mwaka 1995: siku ya kukutana ina uhusiano na kupata mimba au kutoipata, lakini haina uhusiano wowote na mtoto kuwa mume au mke.

Njia za maabara zipo. Mbegu ya X ya mwanadamu ina asili ya urithi nyingi kuliko ya Y kwa kiasi cha asilimia 3, na kwa rangi maalumu na miali ya leza mashine huweza kuzitenga. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, hata hapa Kenya, hununua mbegu za dume zilizotengwa hivyo ili wapate ndama majike kwa kiasi cha tisa katika kumi. Tazameni basi: kwa ng'ombe binti hulipiwa fedha zaidi, na kwa wanadamu hulaumiwa mamake. Kwa watu, tangu mwaka 1990 madaktari wameweza kuchagua mimba changa ya maabara kabla haijatiwa tumboni, na kusudi la kwanza lilikuwa kuwaepusha watoto na maradhi ya kurithi yanayowapata wanaume. Wako wanavyuoni wa leo walioruhusu kwa dharura kama hiyo, wakakataza iwapo sababu ni kuchukia mabinti tu.

Na makatazo hayo yana hekima yake. Nchini India, ambako mimba nyingi za mabinti zilitolewa baada ya kupimwa kwa mashine, serikali ilitunga sheria mwaka 1994 kupiga marufuku kupima kwa nia hiyo. Hata hivyo hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba kwa kila wavulana 1,000 walio chini ya miaka 7, wasichana hawakufika 920. Suratun Nahl imetukumbusha watu wa jahiliya ambao nyuso zao ziliingia weusi walipobashiriwa binti. Uso ule bado uko duniani, isipokuwa siku hizi umeshika mashine mkononi.

Haifai kwetu kuwa na uso huo. Mtume wetu (S.A.W.) wanawe wa kiume walifariki wadogo, na kizazi chake kikaendelea kwa bintiye, Bibi Fatuma. Masharifu wa pwani hii nzima, wenye nasaba zilizoandikwa na kutunzwa, wote wanajua nasaba hizo zimepita kwa nani. Na Suratush Shura inatufundisha kwamba mabinti na wana ni vipawa, na mwenye kipawa humpa amtakaye. Hadubini haikuliondoa neno hilo. Imetuonyesha tu mahali ambapo kipawa hupitia, nalo si tumbo la mama pekee.

Basi atakayepata binti wa tatu mwaka huu, na amwadhinie sikioni, amfanyie akika yake, ampe jina zuri, na amshukuru mamake. Mwuza vitambaa wa Delft alimkosea mwanamke katika barua zake, lakini hakumkosea bintiye nyumbani mwake. Na siku alipokufa, aliyemzika na kulilinda jina lake alikuwa ni Maria.